Upanga Mahali pa Ushahidi: Riwaya ya Dumas na Filamu ya Mwaka 2002

Utangulizi

Mjadala kuhusu riwaya zilizogeuzwa kuwa filamu huanza, mara nyingi, na suala la uaminifu. Huulizwa kama filamu imeifuata riwaya au imeipotosha, kisha hutolewa orodha ya tofauti na mjadala ukaishia hapo. Makala hii inachukua njia nyingine. Inakubali tangu mwanzo kwamba filamu haiwezi kuwa nakala ya riwaya na kwamba haistahili lawama kwa kutokuwa nakala. Linalochunguzwa ni jambo mahususi zaidi: pale ambapo watunzi wa filamu wameondoa tukio moja na kutia jingine mahali pake, ni wazo gani lililoondoka pamoja na tukio lile?

Kazi zinazochunguzwa ni riwaya ya Alexandre Dumas iitwayo Le Comte de Monte-Cristo na filamu ya The Count of Monte Cristo iliyoongozwa na Kevin Reynolds, ikaandikwa na Jay Wolpert na kutolewa mwaka 2002. Kwa kuwa jina la riwaya limebeba cheo cha ukabaila, mhusika mkuu ataitwa hapa Kabaila wa Monte Cristo kila anapojitokeza kwa jina lake la bandia. Hoja inayotetewa ni kwamba Dumas alikijenga kisasi cha Edmond Dantès kwa maneno, hati na mashahidi, ilhali filamu imekijenga kwa upanga. Badiliko hilo limeigeuza hadithi iliyohusu haki ya umma ikawa ugomvi wa marafiki wawili.

Neno moja kuhusu istilahi. Kitendo cha kuigeuza kazi ya utanzu mmoja iwe ya utanzu mwingine huitwa na baadhi ya wanafunzi utohozi. Istilahi hiyo imekwisha kuzoeleka mno katika isimu, inakohusu maneno ya mkopo, na kuitumia hapa kwaweza kuleta utata usio wa lazima. Makala hii inatumia uhawilishaji. Kiunzi chake ni chepesi. Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1959, alitenga aina tatu za tafsiri, na ya tatu ndiyo inayohusika hapa: kufasiri ishara za lugha kwa mfumo wa ishara zisizo za lugha. George Bluestone alikuwa amekwisha kusisitiza mwaka 1957 kwamba riwaya na filamu ni sanaa mbili zenye sheria tofauti, na Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alitaka kazi iliyohawilishwa isomwe kama kazi kamili yenye maamuzi yake. Neno la kushikwa ni hilo la maamuzi. Anayeamua huweza kuulizwa sababu.

Riwaya iliyozaliwa gazetini

Dumas alianza kuichapisha riwaya hii kwa sehemu katika gazeti la Journal des Débats la Paris mnamo Agosti 1844, na sehemu ya mwisho ikatoka Januari 1846. Alisaidiwa katika kupanga msuko na Auguste Maquet, ambaye jina lake halikuwekwa jaladani. Kiini cha kisa kilitoka katika maandishi ya Jacques Peuchet, aliyekuwa mhifadhi wa nyaraka za polisi, kuhusu fundi viatu mmoja aliyesingiziwa na rafiki zake siku za kukaribia ndoa yake. Kwa ufupi, riwaya yenyewe ilichipuka kutoka kwenye jalada la polisi, na harufu ya jalada haikuitoka kamwe.

Mtu akizifuata sura zake 117 kwa makini ataona jinsi karatasi zinavyoamua maisha ya watu. Dantès, baharia kijana wa Marseille, anarudi bandarini mnamo Februari 1815 akiwa amebeba barua aliyopewa katika kisiwa cha Elba, na yeye mwenyewe hajui yaliyomo. Danglars, mwenzake wa chomboni, anaandika barua ya kumchongea kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usitambulike. Fernand, mvuvi wa Kikatalani anayempenda Mercédès, mchumba wa Dantès, anaipeleka barua ile. Caderousse, jirani, yupo pale akiwa amelewa, na kesho yake ananyamaza. Villefort, msaidizi wa mwendesha mashtaka, anagundua kwamba barua kutoka Elba imeandikiwa baba yake mzazi, Noirtier, mfuasi wa Napoleon. Anaichoma moto mbele ya macho ya mshtakiwa, kisha anamtupa gerezani Château d'If bila ya kesi. Hakuna aliyemgusa Dantès kwa silaha. Miaka 14 ya kifungo imetokana na wino na moto.

Hata mkombozi wake gerezani ni mtu wa maandishi. Padri Faria ametengeneza kalamu kutokana na mifupa ya samaki, na ameandika utafiti wake juu ya kuunganishwa kwa Italia katika vipande vya shati. Anamfundisha Dantès lugha, hesabu na historia. Na ni yeye, kwa kumhoji kijana huyo swali baada ya swali kama hakimu mwenye busara, anayefumbua ni nani waliomwangamiza. Baadaye anajuta kwa kuwa ameona kisasi kikichipua moyoni mwa mwanafunzi wake.

Kisasi nacho kinafuata njia ile ile. Danglars, ambaye sasa ni mwenye benki, anapata pigo kubwa la hasara baada ya Kabaila kumhonga mtumishi wa telegrafu ili apitishe habari za uongo kuhusu Hispania. Telegrafu yenyewe ilikuwa ile ya minara na mikono ya mbao iliyobuniwa na Claude Chappe, na mtumishi yule hapendi kitu duniani kuliko bustani yake inayoharibiwa na panya. Ni mojawapo ya sura zenye kuchekesha kupita zote katika riwaya, na pia mojawapo ya zile zenye kutisha, kwa kuwa utajiri wa nyumba nzima unatikisika kwa ishara chache zilizopindwa. Villefort anaangushwa mahakamani, katika chumba kile kile alichozoea kutawala, na kijana mshtakiwa anayetamka hadharani kwamba mwendesha mashtaka ndiye baba yake aliyejaribu kumzika akiwa hai.

Fernand je? Hapa ndipo penye moyo wa jambo.

Sauti ya Haydée

Mvuvi yule ameshapanda. Aliwahi kutoroka jeshini, akapata vyeo, akapelekwa kumtumikia Ali Pasha, mtawala wa Janina, kisha akamsaliti na kuiuza familia yake utumwani. Kufikia mwaka 1838 yeye ni Kabaila wa Morcerf na mjumbe wa Baraza la Makabaila wa Ufaransa. Gazeti linapochapisha habari za usaliti huo, Baraza linaunda kikao cha uchunguzi. Morcerf anajitetea kwa ufasaha na wajumbe wanaelekea kumwamini. Ndipo anapoingia mwanamke mmoja aliyejifunika ushungi. Ni Haydée, binti wa Ali Pasha, aliyeuzwa akiwa mtoto na kununuliwa baadaye na Kabaila wa Monte Cristo.

Haydée hakuja na silaha. Amekuja na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo na hati ya mauzo yake mwenyewe. Yafaa kutua katika hati hiyo ya tatu. Karatasi iliyokusudiwa kuthibitisha kwamba yeye ni mali ya mtu, hapa inageuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyemuuza. Mtumwa anasimama mbele ya watu wenye vyeo vya juu kabisa katika nchi, bei aliyonunuliwa nayo inasomwa, kisha anamtambua msaliti kwa kovu lililo mkononi. Morcerf anakimbia ukumbini bila ya kujibu.

Wasomaji wa gazeti lile la Paris waliyasoma hayo wakati utumwa ulikuwa bado halali katika makoloni ya Ufaransa. Ulipigwa marufuku Aprili 1848. Na mwandishi mwenyewe alikuwa mjukuu wa mtumwa. Baba yake, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa mwaka 1762 huko Saint-Domingue, ambako sasa ni Haiti, mama yake akiwa Marie-Cessette, mwanamke Mwafrika aliyekuwa katika utumwa. Jenerali huyo alitumikia majeshi ya Mapinduzi, akatekwa alipokuwa akirejea kutoka Misri, akafungwa kusini mwa Italia hadi mwaka 1801, na akarudi nyumbani akiwa amedhoofika. Alifariki mwaka 1806, mwanawe akiwa na umri wa miaka mitatu. Tom Reiss, katika wasifu wa jenerali huyo uliotoka mwaka 2012, anamwona kuwa ndiye kielelezo cha Dantès. Si lazima kukubali kila hatua ya hoja ya Reiss ili kuona kwamba kifungo kisicho na kesi na hati ya kuuza mtu havikuwa vitu vya kubuni tu kwa Dumas.

Baada ya kikao, Morcerf anakwenda kumtaka Kabaila wapigane. Msomaji aliyezoea visa vya ushujaa anatarajia mapigano, na Dumas anamnyima. Kabaila anaingia chumba cha pili, anavua mavazi yake ya fahari, na anatoka akiwa amevaa koti na kofia ya baharia. Hilo tu. Morcerf anarudi nyuma akishikilia ukuta, analitamka jina la mtu aliyedhani amekufa, na kukimbia. Anafika nyumbani kwake wakati mkewe Mercédès na mwanawe Albert wanaondoka wasirudi tena. Muda mfupi baadaye mlio wa bastola unasikika chumbani mwake. Sura hiyo ya 92 ni miongoni mwa sura zenye nguvu kubwa katika riwaya, na upanga haukuchomolewa.

Mafunzo ya upanga

Katika filamu ya Reynolds, Faria bado ni mwalimu. Anamfundisha Dantès kusoma, kuandika na hesabu, lakini mafunzo yanayobaki katika kumbukumbu ya mtazamaji ni ya upanga. Padri huyu, anayeigizwa na Richard Harris kwa ucheshi na uchovu unaopendeza, alikuwa askari zamani. Anamtaka mwanafunzi apitishe mkono katikati ya matone ya maji bila ya kulowa, na katika giza la shimo lile vijiti vinatumika mahali pa panga. Ni onyesho zuri. Kamera inapata kitu cha kuonyesha, na mwendo wa mwili unamweleza mtazamaji kwamba mfungwa anarudishiwa utu wake. Mtu aliyesoma riwaya, hata hivyo, anajua tayari filamu inaelekea wapi. Anayefundishwa upanga katika robo ya kwanza ya hadithi hana budi kuutumia katika robo ya mwisho.

Badiliko la pili ni la Fernand. Hayuko tena yule mvuvi maskini. Fernand Mondego wa filamu, anayeigizwa na Guy Pearce, ni mtoto wa kabaila na rafiki wa tangu utotoni wa Dantès, anayeigizwa na Jim Caviezel. Wawili hawa wana desturi ya kupokezana kete ya mfalme wa sataranji: mmoja akipata ushindi wa siku, mwenzake humkabidhi kete ile. Kete inapita mkono kwa mkono tangu Elba hadi gerezani na hadi kisasi chenyewe. Kwa ufundi wa filamu, huu ni ubunifu wa kusifiwa, maana urafiki, ushindani na usaliti vyote vimewekwa ndani ya kitu kimoja kidogo kinachoonekana. Kwa maudhui ya riwaya, gharama yake ni kubwa. Fernand anamsaliti Dantès kwa kuwa yeye, mwenye kila kitu, anaona wivu kwa furaha ya mtu asiye na kitu. Sababu hiyo ni ya nafsi tu. Haina historia.

Katika riwaya, maadui watatu wamepanda ngazi kwa pamoja na utawala. Danglars alitajirika kwa kuuzia jeshi mahitaji wakati wa vita vya Hispania. Fernand alipanda kwa usaliti mmoja baada ya mwingine. Villefort alipanda kwa kumfunga asiye na hatia ili ajionyeshe kuwa mwaminifu kwa mfalme. Dumas anauliza, kupitia hao watatu, vyeo na mali za Ufaransa ya baada ya mwaka 1815 zilipatikanaje, na anajibu kwamba zilipatikana kwa uhalifu uliofunikwa na karatasi nyingine. Fernand akizaliwa kabaila, swali hilo linakosa pa kusimama. Baraza la Makabaila halihitajiki tena, maana hakuna cheo cha kuhojiwa. Haydée naye hahitajiki, na kweli filamu haina Haydée.

Yaweza kujibiwa kwamba filamu ya dakika 131 haina nafasi ya riwaya ya sura 117. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Filamu imepata nafasi ya mapigano katika kisiwa cha Elba ambayo hayamo katika riwaya. Imepata nafasi ya pambano refu la mwisho katika magofu na shamba la nafaka, ambako Fernand anauawa kwa upanga baada ya kumjeruhi Mercédès kwa risasi. Muda ulikuwapo, ulitumiwa kwa namna nyingine. Desturi ya sinema za mapanga inamtaka shujaa na adui wakutane ana kwa ana mwishoni, na Reynolds ameitimiza desturi hiyo kwa ustadi.

Haki haikosi kutendwa kwa filamu katika jambo moja. Kuanguka kwa Villefort kumebaki kuwa tukio la maneno. Kabaila anamhoji katika chumba cha kuogea kwa mvuke, wakiwa wamezungukwa na ukungu, hadi anakiri kwamba alipanga kifo cha baba yake. Na askari waliojificha wanasikia kila kitu. Ushahidi upo, na mashahidi wapo. Kwa muda wa dakika chache filamu inaukaribia mwendo wa Dumas, na si ajabu kwamba onyesho hilo lina uzito kuliko mapigano yote yanayolifuata.

Damu na jina

Tofauti nyingine inahusu Albert. Katika riwaya, Albert ni mtoto wa Fernand. Anamtaka Kabaila wapigane kwa bastola ili kuosha jina la baba yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mercédès anamwambia ukweli, na asubuhi kijana anafika uwanjani na kuomba radhi mbele ya watu. Kisha analiacha jina la Morcerf, anachukua jina la ukoo wa mama yake na kwenda kujiunga na jeshi Afrika ya Kaskazini. Ameukana uovu wa baba bila ya kuikana damu yake, kwa sababu damu hana namna ya kuibadilisha.

Katika filamu, Mercédès anafichua kwamba Albert ni mtoto wa Dantès, na kwamba aliharakisha kuolewa na Fernand ili kuificha mimba. Papo hapo mafundo yote yanafunguka. Albert hana haja ya kuchagua, kwa kuwa asili yake imemchagulia. Yu mwema kwa sababu baba yake wa kweli ni mwema. Kwa mtazamaji ni faraja. Kwa mwanafunzi wa fasihi ni hatua ya kurudi nyuma, kwani riwaya iliyoandikwa miaka zaidi ya 150 kabla ya filamu ndiyo iliyothubutu kusema kwamba mtoto wa msaliti aweza kuwa mtu wa heshima kwa uamuzi wake.

Pamoja na hayo, deni zito la kimaadili limefutwa. Katika riwaya, kisasi cha Kabaila kinamgusa mtoto asiye na kosa: mke wa Villefort, aliyekuwa akitumia sumu alizoelezwa habari zake na Kabaila mwenyewe, anajiua na kumuua Édouard, mwanawe mdogo. Kabaila anaposimama mbele ya maiti ya mtoto yule, imani yake kwamba yeye ni mkono wa Mungu inavunjika. Ndiyo sababu Danglars, wa mwisho, anasamehewa. Filamu haina Édouard. Kisasi chake kinawafikia wanaostahili tu, kwa hiyo hakina la kujutia.

Ulimi wa Ali

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba riwaya imeheshimu sauti za wanyonge na filamu imezinyamazisha. Matini yenyewe yanakataa hitimisho hilo. Kabaila wa Monte Cristo ana mtumishi wa Kinubi aitwaye Ali, ambaye hana ulimi. Bey wa Tunis alikuwa amemhukumu akatwe ulimi, kisha mkono, kisha kichwa. Kabaila anasimulia, bila ya kuona haya, kwamba alikuwa akitamani kuwa na mtumishi bubu, kwa hiyo alingoja hadi ulimi umekatwa ndipo akaenda kumnunua. Katika riwaya ambayo haki hupatikana kwa kusema, Mwafrika pekee mwenye nafasi ya kudumu amenyimwa chombo cha kusemea, na shujaa alikuwa na uwezo wa kulizuia hilo. Haydée naye, baada ya ushujaa wake wote Barazani, anaishia kuondoka kwa merikebu na mtu aliyemnunua, na Dumas anauita mwisho huo mapenzi.

Filamu haina Ali. Mahali pake pamechukuliwa na Jacopo, ambaye katika riwaya ni baharia wa wafanya magendo mwenye nafasi ndogo. Jacopo wa filamu, anayeigizwa na Luis Guzmán, anaponea chupuchupu katika pambano la visu na Dantès, anaapa kumtumikia, na tangu hapo hanyamazi. Anamdhihaki bwana wake, anampinga, na anamshauri amchukue mwanamke na mali, aachane na kisasi. Kwa hiyo filamu imemwondoa mtumwa aliyesema, na imemrudishia ulimi mtumishi aliyekuwa bubu. Hilo halilipi fidia ya kupotea kwa Haydée, maana Jacopo anazungumza faraghani na Haydée alizungumza mbele ya dola. Hata hivyo linaonya dhidi ya kuichukulia riwaya kuwa kipimo kisichohojiwa.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili si mgeni katika suala hili la neno na silaha. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na siku sita za utetezi wake zinajazwa na visa vya wajumbe sita waliotumwa wakarudi kuadhibiwa. Hana upanga wala jeshi. Ana kumbukumbu na mpangilio wa hoja. Fumo Liyongo, kwa upande wake, ni shujaa wa nguvu za mwili, lakini gerezani anakombolewa na wimbo wa mafumbo unaomfikia mama yake, na tupa inamjia imefichwa ndani ya mkate wa wishwa. Mhawilishaji atakayezitia kazi hizo katika filamu siku moja atakabiliwa na kishawishi kile kile kilichomkabili Wolpert. Kamera inaupenda mwendo, na mtu anayezungumza kwa siku sita hana mwendo. Itambidi aamue kama hotuba ya Karama itakatwa kuwa dakika mbili ili nafasi ipatikane ya kufukuzana kwa farasi.

Kwamba kishawishi hicho kina njia nyingine kumeonekana katika filamu ya Kifaransa ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Matthieu Delaporte na Alexandre de La Patellière, Pierre Niney akiigiza Dantès. Filamu hiyo ya takriban saa tatu ilionyeshwa Cannes mwezi Mei mwaka huo, na zaidi ya tiketi milioni 9 zikauzwa nchini Ufaransa. Nayo ina pambano la Dantès na Fernand, kwa hiyo haikuiacha desturi ya utanzu wake. Lakini Haydée amerudi, akiwa na kisasi chake mwenyewe, na mwishoni haondoki na Kabaila. Anaondoka na Albert. Watunzi wake wameibadilisha riwaya katika mengi, pengine kupita Reynolds, ila swali la kisasi kinavyomla anayekitekeleza wameliacha wazi.

Kurudi Château d'If

Filamu ya mwaka 2002 inaishia juu ya mwamba wa gereza, ambalo Dantès amelinunua. Sehemu hizo zilipigwa picha katika visiwa vya Malta, na mnara wa kale ulioko Comino ndio unaoonekana kuwa Château d'If. Dantès anaizika chuki yake mahali alipoipata, kisha anaungana na Mercédès, Albert na Jacopo wanaomngoja. Bahari imetulia, familia imekamilika, na mali ipo.

Katika riwaya pia anarudi. Ni baada ya kifo cha Édouard, wakati ambapo shaka inamla na anataka kujua kama bado alikuwa na haki ya kufanya aliyoyafanya. Gereza halina tena wafungwa. Mtunzaji anamtembeza kama anavyowatembeza wageni wengine, huku akimsimulia kisa cha mfungwa aliyetupwa baharini ndani ya mfuko wa maiti, asijue anamsimulia nani. Dantès anaingia katika chumba chake cha zamani, halafu katika kile cha Faria. Mtunzaji anakumbuka kwamba anacho kitu kilichopatikana humo, anakwenda kukileta na kumkabidhi. Ni vile vipande vya nguo alivyoandikia padri, vimekunjwa, na hati ingali inasomeka. Dantès anampa mtu yule fedha nyingi kupita thamani ya kitu chochote kilichomo gerezani, anavipakata vipande vile kifuani, na kuelekea kwenye mashua yake.